Msitu Wenye Paa Usio na Sakafu

Hotuba kwa wanakijiji, walimu na wanafunzi wa vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, wilayani Muheza

Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa Kijiji na wajumbe wa Kamati ya Maliasili, mabwana misitu, walimu wenzangu, wazee wangu, shikamooni. Kina mama mlioacha majani ya chai yakisubiri kuchumwa, na vijana wa bodaboda mnaopoteza abiria kwa ajili yangu, ahsanteni sana. Wanafunzi, nyie mmeletwa, kwa hiyo siwashukuru, ila nina jambo lenu mwishoni.

Jana jirani yangu, mama mmoja mtu mzima, aliniuliza leo nazungumzia nini. Nikamwambia, chura. Akanitazama kama mtu aliyeletewa habari kwamba mwalimu ameugua. "Watu waache kazi zao, wakae juani, waelezwe habari za chura?" Sikumlaumu. Sote tumekuzwa na methali isemayo kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, na tunaitumia kila tunapotaka kumdharau mtu. Mpinzani akisema, kelele za chura. Jirani akilalamikia mpaka wa shamba, kelele za chura. Lakini hebu mtazameni huyo ng'ombe. Amekuja kunywa pale pale chura anapolia. Aliyetunga methali ile alijua kwamba chura na maji hawaachani, akaona ni jambo lililo wazi, halina haja ya kusemwa. Enzi zake lilikuwa wazi.

Chura niliyekuja kumwelezea si yule wa madimbwi ya barabarani. Ni chura wa miti. Wataalamu wanamwita Leptopelis vermiculatus. Jina hilo la pili alipewa mwaka 1909 na George Boulenger, mtaalamu wa makumbusho ya London, kutokana na vyura waliopatikana Amani. Amani hii hii yetu, hakuna nyingine. Linatokana na neno la Kilatini la minyoo, kwa kuwa ngozi yake ina michirizi myembamba iliyojikunjakunja kama njia za minyoo kwenye udongo. Sijawahi kusamehe uamuzi huo. Mtu anaonyeshwa kiumbe mzuri namna ile, anawaza minyoo!

Maana ni mzuri kweli. Wapo wa sura mbili. Kuna wa kijani kibichi aliyenyunyiziwa vidoa vyeusi, ubavuni ana madoa meusi na meupe yaliyochanganyika. Na kuna wa kahawia mwenye pembetatu iliyokoza mgongoni, ambaye akitulia juu ya jani kavu unaweza kumkanyaga bila kujua. Mashabiki wa Yanga, ambao wenzenu wa Simba huwaita vyura, msinune: huyu wa kijani anaishinda jezi yoyote niliyowahi kuiona. Jike hufikia sentimita 8, dume hazidi sana sentimita 5. Macho ni makubwa kuliko inavyostahili kichwa chake, na mboni yake husimama wima kama ya paka. Ncha za vidole zimepanuka kama vibao vidogo vya kunata, ndivyo anavyoweza kupanda jani lililolowa bila kuteleza. Mchana amelala. Usiku dume anakaa kwenye tawi, anatoa mlio mfupi mkavu, kama mtu anayegonganisha vijiti viwili, kisha ananyamaza muda mrefu mpaka unaanza kujiuliza kama ulisikia kweli.

Huyu ni Mtanzania, na hana uraia mwingine. Anapatikana huku Usambara, Udzungwa, na upande wa Rungwe kule kusini. Basi. Ukimkosa katika milima hii hakuna nchi nyingine utakayokwenda kumtafuta. Orodha Nyekundu ya viumbe inamhesabu miongoni mwa walio hatarini kutoweka. Hayuko peke yake: tathmini ya dunia nzima iliyochapishwa mwaka 2023 ilionyesha kwamba katika jamii ya vyura na jamaa zao, karibu asilimia 41 ya spishi ziko hatarini. Ndege hawajafika huko, wala wanyama wanaonyonyesha. Hawa wenye ngozi laini ndio wanaoongoza.

Sasa naomba mnipe masikio kwa hili, kwa sababu ndilo lililonileta. Mtu akisikia "chura wa miti", anadhani ukiacha miti umemwachia chura nyumba yake. Si hivyo.

Mvua zikianza, iwe vuli au masika, jike anashuka. Anauacha mti, anakuja chini mpaka kwenye udongo laini karibu na kijito, anachimba, anataga mayai humo ardhini na kuyafukia. Hatagi majini. Anayafukia kama mkulima anavyofukia mbegu, na sababu ni ile ile: anaamini udongo utayatunza. Mayai yenyewe ni makubwa, yana kiini kingi, ni chakula cha safari. Humo ndani mtoto anakua taratibu. Udongo ukibaki na unyevu, anaishi. Mvua nzito ikija ikalowesha ardhi barabara, viluwiluwi wanatoka wakiwa na mikia mirefu, wanajipindapinda juu ya tope na majani yaliyooza kama mikunga wadogo mpaka wafike majini. Hapo ndipo wanapokuwa wana wa maji. Wanakula, wanaota miguu, mkia unatoweka, na siku moja chura mdogo anatoka kwenye kijito na kutafuta jani la kupanda.

Kwa hiyo nyumba zake ni tatu: tawi, udongo na kijito. Na hazitenganishwi. Ukimwachia mbili ukambomolea moja, umembomolea zote.

Nimesomeshwa na iliki. Nalisema hili mapema ili mtu asije akanielewa vibaya. Marehemu baba yangu alikuwa na shamba la iliki ndani ya msitu, na ada yangu ilitoka humo, na sare yangu, na godoro la shule ya bweni. Iliki inapenda kivuli, kwa hiyo mzee hakuwa na sababu ya kuangusha miti mikubwa. Alichofanya ni kufyeka chini. Vichaka vyote, miche ya miti, magugu, majani mapana yale ambayo sisi watoto tulikuwa tunajifunika mvua ikitukuta. Akasafisha mpaka ikawa kama uwanja wa nyumbani uliofagiliwa. Ukisimama ng'ambo ya bonde ukatazama, unaona msitu umekamilika, kijani tupu. Picha ya ndege au ya setilaiti nayo itasema msitu upo. Lakini ni nyumba yenye paa isiyo na sakafu.

Na si baba peke yake. Nyie mnajua. Hata eneo la Derema, ushoroba ule mwembamba unaounganisha misitu ya kaskazini na Amani, lilikuwa limejaa iliki kabla wakulima wake hawajalipwa fidia na kuondoka. Wapo waliokaa hapa leo ambao malipo yale bado yanawauma, wakisema yalichelewa na hayakutosha. Sitawaambia wanyamaze. Mtu aliyeacha mali yake kwa ajili ya msitu ana haki ya kuulizwa hali kila mwaka.

Ila chura yeye hakulipwa. Sakafu ikifyekwa, jua linapenya na upepo unapita. Majani makavu yaliyokuwa yametandazwa kama godoro yanapungua, na udongo wa juu unakauka upesi. Mayai yaliyofukiwa kwenye udongo mkavu yanakufa kimya kimya, hakuna anayeona mzoga. Mvua ikija inakuta ardhi wazi, inaibeba, na tope lote linaingia kwenye kijito ambamo viluwiluwi walipaswa kwenda. Baadaye, kama mnavyojua wenyewe, iliki inachoka. Mavuno yanapungua, mwenye shamba anaondoa miti mikubwa iliyobaki, anapanda miwa au mihogo. Hapo sasa kila mtu anaona kwamba msitu umekwisha. Chura alishaona miaka mingi kabla.

Niliwahi kupeleka wanafunzi sehemu kama hiyo usiku, tukakaa tangu saa mbili mpaka saa nne. Miti mikubwa imesimama, mizuri, mirefu. Hatukusikia hata mlio mmoja wa huyu bwana. Usiku mmoja si ushahidi, nawaambia wanafunzi wangu kila siku, na huenda tulikwenda siku mbaya. Tulipovuka kwenda upande ambao haujafyekwa, umbali ambao mzee angetumia kuvuta sigara moja, tukamsikia.

Kuna jambo lingine linalofanana na hili, na hapa nitapita haraka. Wajerumani walifungua taasisi yao ya utafiti hapa Amani mwaka 1902, wakaleta mimea kutoka pande zote za dunia kuijaribu. Miongoni mwa miti iliyoletwa huku baadaye ni Maesopsis, ambao wenye biashara ya mbao wanauita musizi. Kwao ni kule magharibi ya Ziwa Victoria. Hapa ni mgeni, lakini hondohondo waliupenda. Wanakula matunda yake na kudondosha mbegu kila wanakoruka, na mbegu ikiangukia penye uwazi, hasa mahali palipokatwa mbao kwa mitambo kabla ya kazi hiyo kusimamishwa katikati ya miaka ya 1980, basi musizi unashika nafasi. Unakua haraka, unafunika. Ukihesabu miti utasema msitu unapona. Mimi nasema kuhesabu miti ni kazi nusu.

Kuhusu wachimba dhahabu sina maneno mengi. Wanaochekecha mchanga kwenye vijito ndani ya hifadhi wanajulikana, na wengine ni watoto wetu. Kijito kilichopinduliwa kwa sururu hakina tena kingo za udongo laini, na bila hizo jike hana pa kutaga. Nimemaliza.

Na kuna adui asiyeshika panga wala sururu. Wengi mmesikia habari za chura wa Kihansi, kule kwenye mteremko wa Udzungwa. Yule si wa miti, ni mdogo zaidi, hazidi urefu wa kidole gumba, na ana maajabu yake: hatagi mayai, anazaa watoto wakiwa vyura kamili. Alitambuliwa na wataalamu mwaka 1996, akiishi kwenye eneo la hekta chache tu lililokuwa likiloweshwa na manyunyu ya maporomoko. Wakati huo ujenzi wa mradi wa umeme ulikuwa unaendelea. Mto ulipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu karibu yote yakakoma. Ikabidi yafungwe mabomba ya kunyunyiza maji, mvua ya kutengenezwa, na mwaka 2000 vyura 499 wakasafirishwa kwenda Marekani kutunzwa kwenye bustani za wanyama. Waliobaki wakaanza kuongezeka. Kufikia katikati ya mwaka 2003 walikadiriwa kuwa karibu 20,000. Miezi michache baadaye walikuwa wachache mno, na mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini.

Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kuvu. Kuvu huyu, ambaye sayansi ilimtambua mwishoni mwa miaka ya 1990 tu, anashambulia ngozi ya chura. Kwetu sisi ugonjwa wa ngozi ni kuwasha na aibu. Kwa chura, ngozi ni mdomo wa kunywea na pua ya kupumulia, na ndiyo inayopitisha chumvi za mwili. Ikiharibika, chumvi zinapungua kwenye damu, moyo unasimama. Kuvu huyo anasafiri kwenye maji na kwenye tope. Hana miguu, anatumia yetu. Buti la mtafiti au gambuti la mtalii lililotoka kwenye bonde moja na kuingia jingine bila kuoshwa linatosha.

Wajukuu wa wale vyura waliokwenda Marekani walirudishwa Dar es Salaam mwaka 2010, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi. Ni kazi kubwa, na waliofanya wanastahili pongezi. Lakini fikirieni gharama ya ndege, mabomba, maabara na miaka yote ile, kwa chura ambaye makazi yake yalikuwa madogo kuliko shamba la chai. Wa kwetu bado yuko porini. Hajahitaji pasipoti.

Ingawa pasipoti nyingine amewahi kupewa bila kuomba. Ulaya na Marekani kuna watu wanaofuga vyura ndani ya vioo, na huyu wetu anauzwa huko kwa jina la chura tausi. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Nilishangilia. Kisha nikashuka bondeni nikakutana na wafugaji wa vipepeo. Hawa ni watu wetu, wengi wao kina mama, waliokuwa wanafuga vipepeo na kuwauza nje wakiwa bado kwenye vifuko vyao, na fedha ile iliwapa sababu ya kulinda msitu, maana kipepeo anahitaji mimea ya humo. Katazo lile lile lililomwokoa chura liliwafungia soko. Mama mmoja aliniuliza, "Mwalimu, kwa hiyo kipepeo niliyemfuga mwenyewe ni sawa na chura aliyeibwa msituni?" Sikuwa na jibu zuri. Naona bado halijapatikana, na nadhani Mheshimiwa Diwani anapaswa kulibeba swali hilo juu zaidi ya mimi ninavyoweza.

Najua lipo swali linalozunguka tangu nilipoanza: chura huyu ana faida gani? Kusema kweli silipendi. Hatuulizani hivyo sisi kwa sisi. Lakini nitalijibu kwa njia moja tu. Udongo ule ule unaotunza mayai yake ndio unaotunza mvua. Unainywa inaponyesha na kuiachia polepole wakati wa kiangazi. Vijito vinakutana, vinakuwa Mto Zigi, Zigi unashuka mpaka bwawa la Mabayani, na jiji la Tanga linafungua bomba. Mtu wa Tanga hajawahi kumwona chura huyu na pengine hatamwona. Anakunywa kutoka kwenye kitanda cha chura.

Ninachoomba ni vitu vichache, na nimevijadili na kamati. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za maji. Mita 60 hizo zipo kwenye karatasi. Zipimwe kwa kamba, kijito kwa kijito, na mwenye shamba akiwepo, apande alama yeye mwenyewe. Wenye iliki nje ya hifadhi, sisemi mng'oe. Nasema mwache ukanda wa kijito na vichaka vyake, msiufagie. Najua panga likishashikwa mkono unataka kumaliza. Mlinganishe jike wa chura na mama aliyejifungua: hamuingii chumbani kwake na ufagio.

Kwa bwana misitu na waongoza wageni, ombi langu ni ndoo mbili na brashi pale getini. Moja ya maji, nyingine ya maji yenye jiki. Mgeni asugue viatu kabla ya kuingia, awe profesa, awe mtalii, awe mimi. Najua mtaniambia wageni watakereka. Waliopita Kihansi wameshazoea.

Na nyie wanafunzi, jambo lenu ni hili. Leo tunakwenda kumsikiliza. Mwalimu wa zamu ana orodha ya waliopewa ruhusa na wazazi, na asiye kwenye orodha asije kujificha nyuma ya mwenzake, nawajua. Tunakutana darajani saa mbili usiku. Vaeni viatu vilivyosuguliwa, mtavisugua tena pale pale. Mkono uliopakwa mafuta au dawa ya mbu haumgusi chura, na kwa kweli mkono wowote usimguse. Tochi kali zifunikwe kwa kitambaa. Tukifika kwenye mkuyu ulioinamia maji tutazima taa zote, na hapo sitaki kusikia hata kikohozi. Atalia mara moja, halafu atanyamaza muda mrefu. Msiondoke.